Bunduki Haifi, Kinachokufa ni Ganda Lake

Nianze na kopo la kahawa. Liko juu ya meza ya kazi kwenye garaji la jirani yangu hapa Pennsylvania, kopo la bati la zamani, na ndani yake kuna maganda ya risasi yaliyoharibika: lililopasuka shingo, lililojikunja bega kama shati lisilopigwa pasi, lililong'oka kitako likabaki bomba tu. Mzee hayatupi. Kila mtu anayekuja kujifunza kwake anamwagiwa lile kopo mezani kwanza kabla hajaoneshwa hata chombo kimoja, afu anaambiwa atafute kila moja limekufa kwa ugonjwa gani. Mi ilinichukua jioni nzima, na kwa miaka hii mitatu niliyokaa naye sijaona somo lililonifaa kuliko lile.

Mzee ni fundi mstaafu, maisha yake yote alikuwa anatengeneza kalibu za chuma kiwandani, na mimi ni mkerezaji, nashinda kwenye mashine ya leth zamu ya mchana. Ndio tulivyojuana. Siku moja akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanga, Tanzania, na mzee wa watu akaweka kikombe chini. Akasema, Tanga ya vita ya 1914? Nikashangaa, maana huku ukisema Tanga kawaida watu wanakuuliza iko karibu na Afrika Kusini au vipi. Kumbe ana bunduki za zamani ukuta mzima na historia zake anazijua kuliko mimi niliyezaliwa kule nikacheza mpira nyuma ya makaburi ya vita.

Sasa tatizo la mtu mwenye bunduki za zamani ni hili, na ndilo lililonifanya nikae chini niandike. Bunduki haifi. Chuma cha 1870 kikipakwa mafuta kinadumu, mbao inadumu, ukiiangalia inang'aa tu. Kinachokufa ni risasi yake. Kiwanda kinaacha kutengeneza, maboksi ya mwisho yanaisha madukani, na toka siku ile bunduki inakuwa fimbo ya kuning'iniza ukutani. Na kwenye risasi yenyewe si kila kitu kinachokosekana. Kichwa unaweza kukimimina mwenyewe kwa timazi, yaani yale madini mazito ya risasi, na bati kidogo, baruti nyeusi bado inauzwa, fataki za kuiwashia zinauzwa. Kinachokosekana ni ganda, kile kikopo cha shaba ambacho watu wanakiokota na kukitupa. Ganda ndio linabeba vitu vyote vitatu, ndio linaloziba moshi na moto usimrudie mpigaji usoni, na ganda lazima liingie kwenye chemba ya bunduki ile, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inamokaa, na si nyingine.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno ambalo siku hizi limepotea kidogo. Bunduki ya kupakia mdomoni waliiita gobori, na hii ya kupakia nyuma waliiita bunduki ya viasi, yaani risasi iliyokamilika na ganda lake ni kiasi. Kiasi, lilelile neno la kipimo. Nimelifikiria sana hili nikiwa garajini, kwa sababu kazi nzima ya kutengeneza maganda ni vipimo na hakuna kitu kingine. Unachukua ganda la bunduki moja ambalo limejaa kila mahali, unalifanya liwe la bunduki nyingine ambayo haina ganda duniani, au linapatikana kwa bei ya kuumiza. Huku Marekani mtu anaruhusiwa kujitengenezea ya kwake bila leseni ya kiwanda ilimradi hauzi. Nyumbani ni habari nyingine kabisa, Tanzania na Kenya kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai, kwa iyo anayesoma hapa akiwa Korogwe au Malindi asome kwa ajili ya kujua tu. Na vipimo vya baruti sitaviandika hapa.

Tuanze na shaba yenyewe maana ndio roho ya mambo. Ganda la risasi ni brasi, asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki, mchanganyiko huo umechaguliwa kwa sababu unakubali kuvutwa na kukandwa ukiwa baridi bila kupasuka, na kwa sababu una tabia ya mpira kidogo. Bunduki ikilia, ganda linatanuka likashika ukuta wa chemba, linaziba, na presha ikishuka linarudi kidogo ili litoke. Likiwa gumu mno linapasuka, likiwa laini mno linang'ang'ania humo ndani.

Na brasi ina jambo moja ambalo mtu wa chuma cha kawaida linamchanganya. Kila ukiikunja, ukiibana, ukiigonga, inakakamaa. Sio joto linaloikakamaza, ni kule kuisumbua. Ganda lililobanwa mara tatu nne bila kupumzishwa linakuwa kama mwiko mkavu, halikunjiki tena, linakatika. Dawa yake ni moto. Unalichoma shingoni na begani mpaka digrii 400 hivi kwa sekunde chache, linalainika upya, unaendelea. Lakini kitako hukigusi! Kitako ndio kinachobeba presha yote bila ukuta wa chemba kukisaidia vizuri, kikilainika ganda linaweza kupasuka nyuma kwenye uso wa mtu. Kwa iyo Mzee anayasimamisha maganda yake kwenye sinia lenye maji, maji yanafika nusu, kitako kiko kwenye ubaridi huko chini, juu anapitisha tochi ya gesi. Taa za garaji anazima. Anataka kuona rangi inavyobadilika, na hataki ifike kuwa nyekundu ya kuwaka, ikifika huko ushaiunguza. Akiridhika analisukuma kwa fimbo ya waya linaanguka majini, tsss.

Mimi wa leth nilimbishia hapo. Chuma cha pua ukikichoma ukakitia majini kinakuwa kigumu, kila fundi anajua, sasa we unalainisha afu unatia majini si unaharibu? Akaniambia brasi haina habari hiyo, maji hayaikakamazi, maji yapo ili moto usiteremke kwenye kitako basi. Nikachukua moja lililotiwa maji na moja lililopoa lenyewe mezani, nikazibana shingo zote mbili na koleo. Sawasawa. Nilijifunza chuma cha pua miaka mingi nikadhani nimejifunza chuma chote.

Ugonjwa mwingine kwenye lile kopo la kahawa ulikuwa maganda yenye ufa wa urefu shingoni, membamba kama unywele, na hayakuwahi kupigwa hata mara moja. Yalipasuka yenyewe yakiwa yamekaa kabatini. Hili Waingereza waliliona India zamani, risasi zilizohifadhiwa kwenye mabanda ya farasi wakati wa mvua za masika ya kule zilikuwa zinapasuka zenyewe, na wakauita ugonjwa wa msimu kwa sababu ulikuja na mvua. Ilipofika 1921 ndio watafiti watatu, Moore, Beckinsale na Mallinson, wakachapisha maelezo kamili: ni amonia. Mkojo wa farasi unatoa amonia, hewa ina unyevu, na brasi iliyokandwa ikiwa baridi ina mvutano umejificha ndani yake, vitatu hivyo vikikutana shaba inafunguka. Na tiba ni ileile, kuipa moto kidogo ipumzike huo mvutano uondoke. Ndio maana Mzee akikuona umeshika dawa ya kung'arishia vyombo yenye harufu ya amonia ukaribie maganda yake anakutoa nje kabisa. Anayaosha kwa maji ya moto, sabuni na ndimu. Ndimu! Kama bibi yangu na sinia zake za shaba.

Somo la kwanza la mkono lilikuwa la rahisi. Risasi ya ile bunduki ya Kijerumani, Mauser, milimita 7.92 kwa ganda la urefu wa milimita 57, inatengenezwa kutokana na ganda la Kimarekani la 1906, lile linaitwa thati-oti-siksi, ambalo huku limetapakaa kwenye viwanja vya shabaha kama maganda ya karanga uwanja wa mpira. La Kimarekani lina urefu wa milimita 63, kitako chake karibu milimita 12, na cha Mjerumani vilevile karibu 12. Sio bahati nasibu, Wamarekani walipotengeneza raifo yao ya 1903 waliiga sana mambo ya Mauser mpaka ikabidi walipe. Kwa iyo kitako tayari kinaingia, kazi ni kusukuma bega chini na kukata shingo iliyozidi.

Unapaka mafuta kwanza. Nta ya sufi ya kondoo ndio bora, lanolini, kidogo sana, unasugua kwa kidole mpaka linateleza tu. Mafuta yakipungua ganda linanasa kwenye kalibu, kile chuma kinacholipa umbo, na kulitoa ni kulitoboa na kulivuta kwa bolti, nusu siku imeenda. Yakizidi yanakusanyika begani, hayana pa kwenda, yanabonyeza shaba ndani na unapata kishimo. Afu unaweka kwenye presi unashusha mkono polepole, unasikia kabisa mkononi shaba inavyokubali. Unatoa, unakata iliyozidi kwa msumeno wa chuma, unasawazisha kwa tupa, unatoa makali ndani na nje ya mdomo.

Mimi hapo nikadhani nimemaliza. La kwanza langu lilikuwa zuri, linang'aa, limeingia kwenye chemba. Mzee akalichukua, akapima unene wa shingo kwa maikromita, akalitia kwenye kopo la kahawa bila neno. Kosa langu lilikuwa hili: shingo mpya imetoka kwenye sehemu ambayo zamani ilikuwa bega na mwili wa ganda, na huko shaba ni nene zaidi. Ukitia kichwa cha risasi shingo inavimba nje, inagusa ukuta wa chemba, hakuna nafasi ya kutanuka, kichwa kinabanwa hakitoki kwa urahisi, presha inapanda mpaka bunduki inaweza kupasuka. Ganda limeingia, kufuli limefunga, kila kitu kinaonekana sawa, na ndani kuna hatari ambayo jicho haliioni. Inabidi ikwanguliwe, ndani kwa rima, kile kisu cha kuzungusha tunduni, au nje kwa kukereza, mpaka unene urudi. Ni kazi ya sehemu ya mia ya milimita. Na vichwa vya Mauser vyenyewe ni viwili, mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walibadili kutoka milimita 8.07 kwenda 8.22, tofauti ya unene wa karatasi moja na nusu hivi, na kupiga kikubwa kwenye mtutu wa zamani ni kujitafutia balaa. Toka siku ile sijawahi kuita ganda limekwisha kabla sijalipima mahali pote.

Sasa hapo nikampigia simu mjomba wangu Tanga. Nilitaka kumwambia tu kwamba nimejifunza kutengeneza ganda la Mauser.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu, huko bado baridi?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema, "Si ndio kazi aliyofanya babu yake mama yako ile. Ya meli." Nikamwambia meli gani. Akasema meli ya Mansa.

Ya meli nikaja kusoma vizuri baadaye nikapatana nayo. Aprili 1915 Wajerumani walileta meli inaitwa Rubens, ikajifanya ya Kidenishi kwa jina la Kronborg ili kupenya Waingereza baharini, ikabeba makaa ya mawe kwa ajili ya manowari yao Königsberg iliyokuwa imejificha Rufiji, na bunduki za Mauser mpya zipatazo 1,800 na risasi mamilioni. Manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaikuta ikaikimbiza mpaka ghuba ya Mansa, kaskazini ya Tanga, ikaipiga ikawaka moto ikazama kwenye maji mafupi. Waingereza wakaona imekwisha wakaondoka. Mzigo ukatolewa. Ila risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, kwa iyo ikabidi zifunguliwe moja moja, kichwa kitolewe, baruti ianikwe juani, ganda lisafishwe, afu vifungwe upya. Kwa mkono. Maelfu kwa maelfu. Vitabu vinamtaja jenerali, vinataja kapteni wa meli Christiansen, na wale waliokaa chini ya minazi na majamvi ya baruti mbele yao wanatajwa kwa jumla tu, wenyeji. Mjomba anasema babu yule alikuwa mmoja wao, na kwamba mpaka uzeeni alikuwa hawezi kuona mtu anawasha kiberiti karibu na jamvi.

Nilipomsimulia Mzee alikaa kimya muda mrefu. Akaniuliza walitoaje vichwa bila koleo maalum. Sikuwa na jibu. Tukajaribu wenyewe jioni ile na ganda la mazoezi lisilo na baruti wala fataki, kwa jiliwa, kwa mbao iliyotobolewa tundu, kwa meno ya koleo. Mbao ilifanya kazi vizuri: unaingiza kichwa tunduni unazungusha ganda kama unafungua soda. Labda ndivyo, labda sivyo. Ila kidole gumba kiliniuma baada ya kumi, na nilikuwa nafikiria maelfu.

Kazi iliyonivutia kuliko zote ni ya Martini-Henry. Wengi mnaiona kwenye picha za vita vya Waingereza na Wazulu 1879, bunduki yenye mkono wa chuma kwa chini, ukiushusha kufuli linafunguka. Waingereza waliikubali 1871. Ganda lake la kwanza halikuwa hata kopo, lilikuwa karatasi ya brasi nyembamba imezungushwa kama msokoto, na kitako cha chuma kimepachikwa chini. Kwenye joto na mtutu mchafu lile la kusokotwa lilikuwa linachanika, kitako kinang'oka, linabaki humo humo, na askari yuko mbele ya adui anachokoa na kisu. Sudan, vita ya Abu Klea Januari 1885, malalamiko yalizidi, na hapo ndio wakahamia kwenye ganda lililovutwa kipande kimoja.

Kwa nini Wamarekani leo wanazo nyingi? Hii stori ni nzuri. Mwaka 2003 wafanyabiashara wa Kimarekani walinunua ghala zima la silaha za zamani za Nepal, kwenye jumba kuukuu la Kathmandu, makumi ya maelfu ya bunduki, Snider, Martini na nyingine zilizotengenezwa na Wanepali wenyewe, zimefunikwa na vumbi na grisi iliyokauka kama lami. Ghafla huku kila mpenda historia akaweza kununua Martini kwa hela ya kawaida. Mzee ana mbili, grisi aliitoa kwa wiki tatu. Bunduki tele, ganda hakuna.

Na ganda likatoka Brazil! Kule kuna kiwanda kimeendelea kutengeneza maganda ya shotigani ya brasi tupu kwa ajili ya wakulima na wawindaji, wakati dunia nzima imehamia plastiki. Katika saizi zao kuna geji 24. Sasa geji ni hesabu ya kizamani: unachukua ratili moja ya timazi, unaigawa goroli 24 sawasawa, upana wa goroli moja ndio upana wa mtutu. Nilipiga hesabu mwenyewe kwenye karatasi, gramu 454 gawa kwa 24, uzito wa timazi, ikatoka milimita 14.7. Mtutu wa Snider, ile bunduki ya Waingereza ya 1866 iliyotangulia Martini, ni pointi 577 ya inchi, yaani milimita 14.66. Ni kitu kilekile! Ganda la mwindaji wa Brazil ukilikata fupi likafika milimita 51 hivi linakuwa la Snider karibu bila kazi nyingine. Nilipoona ile namba imetoka nilisimama.

Nilisimama kwa sababu ya Snider yenyewe. Sultani Barghash wa Zanzibar alipoamua 1877 kuunda jeshi la kisasa akampa Luteni Mathews, Mwingereza, alisimamie, serikali ya Uingereza ilimpa bunduki 500, na zilikuwa Snider. Bunduki za viasi. Kwa iyo kiasi kilichopita mikononi mwa vijana wa Unguja miaka hiyo, kile kikubwa kama kidole gumba, ndicho hiki ninachokata kwa msumeno garajini Pennsylvania kutoka kopo la Brazil.

La Martini ni gumu zaidi maana lina shingo. Upana wa chini uleule wa 577 lakini mdomo unabanwa mpaka 450, ndio maana jina lake lina namba mbili. Kutoka milimita 14 na ushee kwenda 11 na ushee kwa mara moja haiwezekani, shaba haina pa kwenda inajikunja mikunjo, na mkunjo ukishaingia hautoki, hilo ndilo lile shati lisilopigwa pasi kwenye kopo. Unakwenda kwa hatua. Kalibu ya kwanza inabana kidogo, unatoa, unachoma, unapoza, unapaka nta, kalibu ya pili, unachoma tena, ya tatu. Mzee alizikereza kalibu zake mwenyewe kwa sababu alipima chemba ya bunduki yake, hakuamini mchoro wa mtu. Kuna madini fulani laini, ina bismuthi na timazi na vingine, inayeyuka kwenye joto chini ya maji yanayochemka, unaimimina chembani inaganda, unaitoa unapata sanamu ya chemba. Ukiitoa tu imesinyaa kidogo, unasubiri, ikitimia saa moja inakuwa imerudi saizi kamili ya chemba, unapima hapohapo. Ukichelewa siku kadhaa imekua kupita. Tulikaa na saa mezani kama watu wanaochemsha yai.

Nilifanya kumi siku ya kwanza. Matatu yalikwenda kopo la kahawa, mawili kwa mkunjo na moja nililichoma mno likawa laini kama bati la dawa ya meno. Saba yakasimama. Hayajawa kamili hapo, umbo la mwisho ganda linalipata ndani ya bunduki yenyewe likipigwa mara ya kwanza kwa moto mdogo, linatanuka kujaza chemba, mwili unavimba kidogo, bega linakaa. Kazi hiyo Mzee aliifanya mwenyewe uwanjani kwa bunduki iliyofungwa kwenye kibao na kamba ndefu ya kuvutia, sisi tukiwa nyuma ya gogo. Moshi mweupe mzito ukatufunika, harufu ya kiberiti na yai viza. Nikawaza wale askari wa Kiafrika wa Mjerumani pale Tanga Novemba 1914, kampuni zao nyingi bado zilikuwa na Mauser ya zamani ya 1871 ya baruti nyeusi, na kila ukipiga moshi wako unamwambia adui ulipo. Niliwahi kusoma hilo nikalipita. Nilipokuwa ndani ya moshi ule, sioni hata mkono, ndio nikalielewa.

Na kila ganda likimalizika tunalichora alama. Kitako bado kimeandikwa geji 24, au lile la Mauser bado kimeandikwa namba ya Kimarekani, na siku Mzee hayupo mtu mwingine akikuta boksi akaamini maandishi ya kitako anaweza kuua mtu. Kwa iyo maboksi yameandikwa pande zote sita. Mi nilikuwa naona anazidisha mpaka nilipofikiria ni kwa ajili ya nani, mjukuu wake wa miaka tisa anayekuja kila Jumamosi.

Wiki iliyopita nikamtumia mjomba picha kwenye watsapu, ganda la Mauser nililolitengeneza, la Snider na la Martini, yamepangwa kwenye kitambaa. Akanijibu kwa sauti, dakika nne. Akasema, unakumbuka kijaluba cha wanja cha bibi?

Nakumbuka vizuri sana. Kilikuwa cha shaba, kirefu, kimezibwa na kijiti cha mti kilichochongwa, na kijiti hichohicho ndio anachopakia. Kilikaa kwenye mkeka wa ukutani. Sikuwahi hata siku moja kufikiria ni nini.

Nikampigia palepale kule ikiwa asubuhi na mapema. Kijaluba bado kipo, kwa shangazi. Nikamwomba aende achukue rula ya shule ya watoto. Nilidhani najua jibu, ni la meli ya Mansa, milimita 57, nilitaka tu kusikia.

"Urefu sentimita sita kamili."

"Mjomba pima tena, taratibu."

"Sita, mwanangu. Macho ninayo."

"Shingo yake nyembamba?"

"Nyembamba wapi, kidole cha mwisho cha mtoto hiki kinaingia mdomoni kinacheza."

"Kitakoni kuna mfereji umezunguka, au kuna ukingo umetokeza nje?"

"Ukingo. Kama kofia. Na katikati chini pameinuka kidogo, kama kifungo."

Hiyo siyo ya meli. Ya meli haina ukingo wa kutokeza, na mdomo wake haumkubali mtoto kidole. Sentimita sita, mdomo mpana, ukingo wa kofia na kitako kilichoinuka katikati ni ile ya 1871, ile ya moshi, ambayo askari walikuwa nayo kabla meli haijafika. Kwa iyo babu aliyekuwa anaogopa kiberiti karibu na jamvi, au mtu mwingine wa nyumba ile ambaye hatumjui, alikuwa na ganda la zamani zaidi, na bibi akalitia wanja.

Nimemwambia mjomba wasilisafishe kwa kitu chochote, ndimu tu na maji, na wasilichome. Afu nikavuka uani nikagonga garaji la Mzee, taa ilikuwa bado inawaka. Nikamwandikia vipimo kwenye kipande cha boksi: 60, ukingo, kitako kimeinuka. Akavuta kiti, akaanza kutafuta kwenye droo zake tuna ganda gani la kuanzia.